Karatasi Niliyoisoma Upande Mmoja

Mwisho wa muhula uliopita nilikuwa nikikusanya vitabu teule vya kidato cha tatu katika shule ninayofundisha, si mbali na Nyakoe. Ni riwaya za Kiingereza, zilizoandikwa na watu wa nchi ambazo kama yetu ziliwahi kutawaliwa na Waingereza. Msichana mmoja alinirudishia nakala iliyovimba kwa unyevu, na nilipoifungua kuhakikisha kurasa zimetimia, harufu ya moshi wa kuni ikanipiga puani. Alikuwa akiisomea jikoni kwao. Niliendelea kuishika mpaka yule mtoto akadhani nimekasirika, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia hana kosa, aende zake. Nilibaki peke yangu katika chumba cha walimu, mwanamke mzima mwenye shahada ya fasihi, nikiona haya kama mtu aliyekamatwa.

Kitabu cha kwanza cha namna hiyo kunipitia mikononi kilikuwa na harufu hiyo hiyo. Kilikuwa cha mama mdogo wangu, Bosibori.

Wakati huo niliishi kwa babu yangu mzaa mama, kwenye mteremko wa mashamba ya chai upande wa Itumbe. Mama yangu alikuwa na kazi mjini Kisii, na kwa miaka michache ya mwanzo nilikaa naye huko na kusoma shule moja ya kulipia ambako aliyesikika akisema Kiekegusii, lugha yetu, alivalishwa kibao shingoni hadi jioni. Nilivaa kibao kile mara mbili tu. Baada ya hapo nikajifunza kufunga mdomo mpaka Kiingereza kije. Mama alipohamishiwa kazi mbali alinipeleka kwa babu, akasema ni kwa muda. Nikaingia shule ya kijijini nikiwa na Kiingereza ambacho hata walimu walinisimamisha nikioneshe mbele ya darasa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nami nilijiona kama mtu aliyeletwa kuwaangazia wengine.

Babu alinifanya mkubwa zaidi. Yeye alisoma Biblia ya Kiekegusii na kitabu cha nyimbo, basi. Alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato, mtu wa kunyamaza, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata wakati wa jua. Kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia nyumbani, ikiwa ni barua ya kiwanda cha chai au maelezo ya dawa ya ng'ombe, niliitiwa mimi. Nilisimama mbele ya kiti chake nikasoma, kisha nikamweleza kwa lugha yetu. Babu alisikiliza akiwa amefumba macho, kama asikilizavyo mahubiri. Nikimaliza alisema, "Hivyo ndivyo ilivyoandikwa," na jambo likawa limekwisha. Wajomba zangu, watu wazima wenye wake na watoto, hawakuwahi kusikilizwa namna hiyo.

Mama Mdogo Bosibori ndiye aliyenilea pale. Alikuwa mtoto wa mwisho wa babu. Aliacha shule katikati ya kidato cha tatu bibi alipopooza upande mmoja, kwa sababu kaka zake walikuwa na wake zao na dada zake walikuwa wameolewa, akabaki yeye. Alimgeuza mama yake kitandani, akamlisha uji kwa kijiko, akamfulia, miaka mitatu, mpaka bibi akafariki. Nilipofika kwa babu, kaburi la bibi lilikuwa bado na udongo mwekundu. Bosibori alikuwa na miaka ishirini na moja. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa utomvu wa chai usiotoka hata kwa limau, na alikuwa na desturi ya kuimba kwa kinywa kilichofungwa, wimbo usio na maneno. Nilimfuata kila mahali. Alipochuma chai nilisimama nyuma ya kikapu chake. Alipolala nililala mgongoni pake. Mama alikuwa ameniambia "kwa muda," na mimi nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba watu wakubwa wakisema hivyo wanamaanisha kitu kingine. Nilikuwa nimeazimia kwamba huyu hataniacha.

Bosibori alitaka kumaliza shule. Mwalimu mmoja wa kike wa shule ya upili ya jirani alimwambia kwamba angeweza kuufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kibinafsi, na akajitolea kumsaidia. Babu alikubali kwa shingo upande. Hesabu aliikubali, kilimo alikikubali, na somo la dini alilifurahia. Lakini hakujua kwamba mtihani wa Kiingereza ulikuwa na riwaya ndani yake, na Bosibori hakumwambia. Kwa babu, hadithi ya kubuni ilikuwa uongo uliopigwa chapa. Alikuwa amelisema hilo kanisani, nami nililisikia: kwamba mtu anayekaa chini akaandika habari za watu ambao hawakuwahi kuzaliwa, kisha akaziuza, atajibu nini siku ya hukumu.

Kwa hiyo riwaya ile ilikaa jikoni, juu ya dari ya fito iliyokaushia mahindi, imefungwa katika karatasi ya nailoni. Mchana, chai ikishapelekwa kituoni kupimwa, Bosibori aliishusha akaketi mlangoni pa jiko na kusoma huku midomo ikicheza. Mimi nilikuwa mlinzi wake, wa kumwambia babu akionekana anapanda njia ya mtoni. Mara nyingine alinisomea kipande. Ilikuwa habari ya msichana wa nchi nyingine ya Afrika, mbali sana, ambaye babake anataka kumwoza kwa mzee mmoja. Nilishangaa kwamba wanakula ndizi kama sisi. Nilikuwa nimeamini kwamba Kiingereza kina watu wake na vyakula vyake, na kwamba mtu mweusi hawezi kukaa ndani ya kitabu chake isipokuwa amebeba mzigo wa mtu. Bosibori alicheka mpaka akajifuta machozi. Akaniambia, "Hata sisi tunaweza kuandikwa."

Siku moja ya Ijumaa nilitoka shule mapema, akiwa bado kwenye chai. Nilipanda juu ya kinu nikakishusha kitabu mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili, imeandikwa kwa mkono wa Bosibori, kwa Kiingereza. Nilisimama pale kwenye moshi nikaisoma. Iliandikwa kwamba ataondoka kabla ya mvua kuanza. Kwamba hatamuaga baba yake, maana akimtazama usoni moyo utamrudi. Kwamba amechoka kuitwa binti mwema, na kwamba kuna mtu atakayemngojea barabarani, naye akishafika mbali hataangalia nyuma, hata kwa ajili ya mtoto mdogo anayelala mgongoni pake.

Nilisoma mstari huo wa mwisho mara nyingi. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima na kuisoma riwaya ile, nilikuta kwamba yule msichana wa kitabuni naye alikuwa na mdogo wake aliyelala naye kitanda kimoja. Siku hiyo sikulijua hilo. Nilijua mtoto mdogo mmoja tu duniani anayelala mgongoni pa mtu.

Sikumngoja arudi kutoka kwenye chai. Nilikwenda moja kwa moja hadi zizini, alikokuwa babu, nikamwambia Mama Mdogo anataka kutoroka, ameandika mwenyewe, kwa Kiingereza. Nilikuwa nalia kweli. Babu aliweka chini ndoo ya maziwa, akanishika bega, akauliza kama nina hakika. Nikasema imeandikwa.

Ijumaa kwetu ni siku ya haraka. Chakula cha Sabato hupikwa na maji huchotwa kabla jua halijatua, ili kesho yake mikono ipumzike, na babu hakupenda neno lolote bovu livuke machweo. Alimtuma mtu amwite mjomba wangu mkubwa, na Bosibori alipofika na kikapu kitupu mgongoni akatukuta sote jikoni, sufuria ya maharagwe ya kesho ikichemka mekoni, kitabu kikiwa juu ya kigoda. Aliniangalia mimi kwanza. Halafu akaangalia kitabu.

Babu alinipa karatasi akaniambia nisome, kisha nieleze. Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa nzuri, ile ya kusimamishwa mbele ya darasa. Nilipomaliza kueleza, mjomba alipiga kelele kwamba mwanamume huyo wa barabarani ni nani. Bosibori hakupandisha sauti. Alimwambia baba yake, "Tata, hiyo ni kazi ya shule. Mwalimu alinipa swali, niandike kana kwamba mimi ndiye msichana wa hadithi. Swali lenyewe liko nyuma ya karatasi." Alilisema hilo mara tatu, kwa maneno yale yale, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Babu akanigeukia mimi. "Nyuma kuna nini?"

Niligeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na swali, kwa mwandiko wa mtu mwingine, kwa wino wa bluu: jiweke mahali pa msichana huyu, uandike aliyoyawaza siku ya mwisho nyumbani kwao. Chini yake kulikuwa na alama ya kalamu nyekundu na neno la kumsifu. Nilielewa yote. Siwezi kujidanganya kwamba nilikuwa mdogo mno. Nilielewa upesi kuliko nilivyowahi kuelewa jambo darasani.

Nimejiuliza kwa miaka mingi kilichonipitia kichwani wakati ule, maana hakikuwa kimoja. Niliona aibu. Wote walikuwa wamenyamaza kunisubiri, na ningelazimika kusema kwamba mimi, msomaji wa nyumba ile, nilikuwa nimesoma vibaya. Nilimwogopa mjomba. Lakini chini ya hayo palikuwa na wazo jingine, tulivu kabisa, nalo ndilo linaloniamsha hadi leo. Niliwaza kwamba kama kazi hii ni ya shule, basi ni nzuri, ina sifa ya mwalimu, na mtu anayeandika hivi atafaulu mtihani. Na akifaulu ataondoka kweli.

Nikasema, "Hakuna kitu, Babu. Ni michoro tu."

Babu akafumba macho. Akasema hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Alikiinua kitabu yeye mwenyewe, akakiingiza mekoni chini ya sufuria, pamoja na ile karatasi. Kitabu kinene hakishiki moto mara moja. Kilijikunja pembeni, kikatoa moshi mzito, na jikoni tukakohoa sote. Bosibori alisimama pale pale mpaka kurasa za kati zikaanza kuwaka. Kisha akainama, akasukuma kuni vizuri ili maharagwe yasikose moto, akatoka kwenda kuchota maji. Jua lilikuwa bado halijatua. Kesho yake tulirudi kutoka kanisani tukayala maharagwe yale, na mimi nikaongezwa.

Hakufanya mtihani. Babu alichukua kitambulisho chake akakifungia sandukuni, akapeleka ujumbe kwa yule mwalimu asikanyage tena kwake. Habari zikatambaa mtaani kwamba binti wa mzee wa kanisa alikamatwa akipanga kutoroka na mwanamume, na kila aliyeisimulia alimwongezea mwanamume huyo kitu: mara alikuwa dereva, mara alikuwa na mke. Kabla ya mwaka kwisha wajomba walikuwa wamempatia mume, mgane mmoja wa Nyamache aliyefanya biashara ya ndizi, mkubwa kwake kwa miaka kumi na minane. Hakuwa mtu mbaya. Lakini yale Bosibori aliyoyaandika kwa niaba ya msichana wa kitabuni ndiyo yaliyomkuta yeye, isipokuwa kwamba hapakuwa na mtu wa kumngojea barabarani. Asubuhi ya kuondoka alinisuka nywele. Sikumbuki tulisema nini. Nakumbuka alivuta kwa uangalifu ili nisiumie.

Na mimi nikabaki, nikilala peke yangu kwenye kitanda kile kikubwa. Nikafaulu. Nikaenda shule ya bweni, kisha chuo kikuu, nikachagua fasihi ya Kiingereza, ile ya nchi zilizotawaliwa. Watu wakiniuliza kwa nini, nilikuwa na majibu mazuri. Muhula mmoja tulipewa riwaya ile ile. Niliisoma kwa siku moja, nikaandika insha kuhusu mwanamke anayesemewa na wengine, kuhusu jinsi lugha ya mtawala inavyomfanya anayeijua kuwa hakimu juu ya wasioijua. Mhadhiri aliisoma mbele ya darasa zima. Alisema inaonekana mwandishi ameyafikiria mambo haya kwa undani. Wenzangu walinipigia makofi, nami nilitabasamu, nikarudi chumbani nikajifungia.

Nilimwambia Bosibori mwaka jana. Mume wake alikuwa amefariki, watoto wake wakubwa, na yeye ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama sokoni Nyamache. Nilimkuta barazani akichagua ndizi za kuuza, mbivu kando na mbichi kando. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, lakini nilipofika nikasema tu kwamba siku ile niliuona upande wa nyuma.

Hakuacha kuchagua. Alisema, "Nilijua. Nilikuwa nakutazama macho. Yalikwenda mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtu haisomi michoro hivyo."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kamwe, kwa nini alinisuka nywele. Akajibu kwamba nilikuwa mtoto na nilihitaji kusukwa. Nikaanza kulia, nikamwomba msamaha, na hapo ndipo alipoinua uso. Alisema kilio kile nisimpelekee yeye. Ile sehemu ya kwanza, kukimbia zizini, alikwisha kuisamehe jioni ile ile, maana hata yeye alijua alichoandika kilikuwa kinatisha, na mwalimu alimsifia kwa hilo. Ile ya pili hakuwa na uhakika nayo, na hakutaka kunidanganya.

Akasema, "Mimi nilikuwapo, sihitaji kuambiwa. Tata bado yu hai. Amenitazama miaka yote hii kama mtu aliyekaribia kumtoroka. Kamwambie yeye."

Nilichukua miezi minne. Kila mwisho wa juma nilipata kazi ya kusahihisha. Nilipokwenda hatimaye, babu alikuwa amekaa nje amefunikwa blanketi juu ya lile koti lake. Amepita miaka tisini, macho yamefifia, lakini masikio ni mazima. Nilipiga magoti karibu na kiti nikamweleza kwa Kiekegusii, bila kuruka kitu: karatasi, swali la mwalimu, alama nyekundu, michoro ambayo haikuwapo. Nilimwambia pia kwamba niliogopa Mama Mdogo ataniacha. Alikuwa amefumba macho kama zamani. Nilipomaliza hakusema ile kauli yake.

Mke wa mjomba alikuja na chai, akatuona, akarudi nayo.

"Alinieleza," babu alisema. "Mara tatu. Mtoto niliyemzaa, aliyemwosha mama yake mpaka mwisho, alinieleza mara tatu. Nikamwacha nikakuamini wewe, kwa sababu wewe ulikuwa unasoma Kiingereza."

Nilitaka anigombeze. Nilikuwa tayari kwa hilo, nadhani nilikuwa nimelitamani. Badala yake akauliza kama nina simu. Nikapiga namba ya Bosibori nikaiweka sikioni pake, nikaishika mimi mwenyewe. Nilisikia sokoni kukiwa na kelele, na yeye akisema haloo, haloo, nani. Babu alimwita kwa jina. Akasema karatasi ile imesomwa sasa pande zote mbili, na kwamba yeye baba yake alimhukumu bure. Akasema angependa kuyasema hayo mbele ya kaka zake, akiwa Bosibori amekaa pale, kabla yeye mwenyewe hajafa. Alisema kwa shida, akipumzika kati ya maneno. Kisha akangoja.

Upande wa pili palikuwa na sauti za watu wakibishana bei, kisha zikafifia, kana kwamba ametoka akasimama mahali pa peke yake. Hakulia. Hakumwita Tata. Nilisubiri nikiwa nimeishika simu, mkono ukianza kuuma, na babu akanigeuzia uso usioona vizuri, akitaka nimwambie kama mtoto wake bado yuko pale.

Nikaivuta simu nikaiweka sikioni pangu. Alikuwa anapumua. Alijua ni mimi.

"Mwambie nimesikia," Bosibori alisema, akakata.

Nikamgeukia babu nikamwambia hivyo hivyo, bila kuongeza neno.